Sababu ya Safari

Mwaka ule nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa mtu aliyelima asubuhi, akalala mchana, akaamka mzima. Nasema uchovu wa mwalimu wa darasa la sita: watoto zaidi ya sitini ndani ya chumba kimoja, chaki inayovunjika kila mstari, na nyumbani mama mzee ambaye magoti yake yalikwisha kukataa kazi. Vakansi kubwa, likizo ya kiangazi, ilipokaribia, jioni moja tukiwa uani tunachambua mchele, nikamwambia mume wangu: “Baba watoto, vakansi hii nataka kusafiri.”

Akaweka ungo chini. “Nani alikufa?”

Wala sikumlaumu. Tumeoana zaidi ya miaka thelathini na tumesafiri sana, lakini sikumbuki hata mara moja tulipopanda pikipiki bila marehemu kutuita. Kindu tulikwenda kumzika kaka yake. Kibombo, mama mkwe. Nyangwe ni hapa karibu na Kasongo yetu, na njia ya makaburi yake naweza kuifuata macho yamefungwa, ila sijawahi kukaa saa moja kwenye ukingo wa Lualaba nikatazama maji yanavyopita. Darasani nawafundisha watoto jiografia, mito na misitu na milima, nafundisha vizuri tu. Lakini jiografia yangu mimi mwenyewe ni ya makaburi.

“Hakuna aliyekufa,” nikamwambia. “Nataka kwenda kutazama kasuku.”

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwacha amalize. Mume wangu akicheka hivyo ujue ameshakubali, anatafuta tu namna ya kulisema.

Kasuku wenyewe ni wa kwa mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, anayekaa upande wa Lusangi, ndani kule Kabambare. Nilipokuwa mdogo, mama aliugua baada ya uzazi, na mama mukubwa akaja kunichukua, akanilea miaka miwili. Nyuma ya shamba lake kuna kijito, na juu yake kidogo, msituni, kuna mahali peupe penye udongo wa chumvichumvi. Alfajiri za kiangazi kasuku hushuka pale kwa makundi, kunywa maji na kula ule udongo. Alikuwa akinibeba kwenda kuwaona. Nakumbuka kelele, na nakumbuka mikia myekundu, basi. Tangu hapo kasuku nimewaona Kasongo tu, wamefungwa ndani ya vikapu nyuma ya pikipiki, wanapelekwa kusikojulikana, wamenyamaza.

Lakini kasuku walikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa mama mukubwa mwenyewe. Tangu niwe mtu mzima nimefika kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilimletea habari ya kifo cha mwanawe, aliyefia mikononi mwangu hapa Kasongo. Mara ya pili nilimletea kifo cha mjomba. Mara ile ya pili aliniona tangu mbali, nikiwa bado sijafika hata kwenye migomba yake, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia kabla sijafungua kinywa. Nilikuwa uso wa msiba. Mtu aliyenilea, aliyenifundisha kula bugali bila kumwaga mchuzi, akiniona anaogopa! Jambo hilo liliniuma na halijaacha kuniuma. Na sasa amezeeka, ana tansiyo, damu inampanda, muuguzi wa kule amekwisha kusema asishtuliwe hata kidogo. Nilitaka, kabla mmoja wetu hajamfukia mwenzake, nifike kwake mara moja tu sina maiti. Anione, asilie. Hiyo ndiyo vakansi niliyoitaka, na sikutaka nyingine.

Tukaanza kupanga. Nilipanga nyuma ya karatasi za mtihani, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Tutoke baada ya kugawa matokeo, barabara ikiwa kavu. Tutafute motari wawili wanaoijua njia, watu wazima, si hawa wanaokimbiza pikipiki utadhani wanafukuzwa. Chandarua, dawa ya malaria, sabuni, viatu vya mpira, mchele wa kutosha ili tusiwe mzigo kwa mzee. Binti yetu angebaki na mama. Siku mbili kwenda, siku sita za kukaa, siku mbili kurudi. Hapo kwenye siku sita nikaandika neno moja, “kupumzika”, nikalipigia mistari miwili.

Likabaki swali la kutuma habari mbele. Kule kwa mama mukubwa hakuna rezo ya simu ila juu ya kilima. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi alikuwa anakwenda Lusangi, akajitolea kupeleka neno. Mume wangu akatikisa kichwa. “Ujumbe kutoka Kasongo, mzee yule ataupokea namna gani? Akisikia Kasongo tu, moyo utamruka.” Nikaona amesema kweli. Hata ukituma mtu aseme hakuna msiba, ndivyo watu wanavyotangulia kusema msiba unapokuwapo: mgonjwa ana homa kidogo tu, njoo. Kila mtu anajua maana yake. Basi tukaamua tusitume neno lolote, tufike wenyewe, tukicheka, na mikono yetu ionekane. Nilijiona mwerevu sana.

Watu wa mtaa hawakunisaidia. Habari kwamba nasafiri ilipofika sokoni, wanawake wakaanza kunipa pole. Nasimama kununua nyanya, muuzaji ananishika mkono: “Pole, mwalimu, Mungu ampumzishe.” Ampumzishe nani? Nikieleza, wananitazama kwa huruma zaidi. Jirani yangu mmoja akaniambia kwa moyo mweupe kabisa: “Kasuku? Si iko mumoja kwa yule muuza sabuni? Nenda umutazame, saa sita uko umerudi.” Mkuu wa shule akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Mama yangu alisikiliza yote akiwa kwenye mkeka wake, kisha akasema: “Utafika kwa mutu na kinywa kitupu? Utamwambia nini?” Nikamwambia nitamwambia nimekuja kumwona. Yeye na dada yake walikuwa hawajaonana miaka mingi, kwani hata kwenye matanga mama hakuweza tena kwenda. Halafu akamwita binti yangu, akamtuma ndani alete kikwembe chake cha buluu, ile nguo yake ya kujifunga ya zamani. Walikuwa wamenunua viwili siku moja, yeye na dada yake, nao wakiwa wasichana bado. “Cha kwake kilichanika zamani,” mama akasema. “Mupe hiki. Atafurahi.” Nikamwambia tumnunulie kipya. Akakasirika. Nikakikunja, nikakitia juu kabisa ya mzigo ili kisikunjamane.

Siku mbili kabla ya kuondoka nikaenda kutafuta karatasi ya njia, maana bila karatasi kila baryeri, kila kizuizi cha askari barabarani, ingetusimamisha. Karani alikuwa kijana mpole, amevaa shati safi. Akaandika majina, akaandika tunakokwenda, akafika kwenye mstari wa sababu ya safari.

“Kutazama ndege,” nikamwambia.

Kalamu ikasimama. “Ndege ya kuruka na watu?”

“Ndege wa porini. Kasuku. Na kumwona mama yangu mkubwa.”

“Ni mugonjwa?”

“Hapana, mzima.”

Akaweka kalamu mezani, akaniangalia kama ninavyomwangalia mtoto aliyeandika jibu lisilomo kitabuni. “Mama, nisikilize. Nikiandika kasuku, ku baryeri watasema munafanya biashara ya kasuku. Watafungua mizigo, watauliza maswali mpaka jua lizame. Nikiandika matanga, mutapita. Mutu wa kilio hasumbuliwi.”

Nilipaswa kukataa. Nalisema leo, nalijua. Lakini nilikuwa nimesimama pale tangu asubuhi, miguu imevimba, na nikawaza habari ya kufungua mizigo juani. Uchovu una ubaya huo: unakufanya ukubali kitu kwa sababu tu kitamaliza mazungumzo. Nikasema andika. Akaandika “matanga” kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri.

Njiani nisingesema niliona mazingira. Niliona mgongo wa motari. Siku ya kwanza ilikuwa vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na mashimo ambayo kila moja lilinikumbusha umri wangu. Mume wangu alikuwa kwenye pikipiki ya mbele, na mara kwa mara aligeuka kunionyesha kitu: kundi la nyani, mti mkubwa wenye maua, mto. Kila nilipoinua macho kilikuwa kimepita, au machozi ya vumbi yameniziba. Tulilala kwa watu anaofahamiana nao, nikaamka nimekauka kiuno.

Siku ya pili, kwenye baryeri ya mwisho kabla ya njia ya kwa mama mukubwa, askari akasoma karatasi yetu. Akavua kofia. “Pole sana, mama. Ni nani?”

Nikababaika. Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Nikaangalia chini, na nadhani kule kuangalia chini kulitosha kabisa. “Basi, basi,” akasema, “usiseme.” Akainua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Pale pembeni alisimama motari mmoja wa Lusangi na magunia ya samaki wakavu, anasubiri zamu yake, na aliyasikia yote. Akatuuliza tunakwenda kwa nani. Mume wangu, mtu wa salamu, akamtajia. Kijana akasema pole, akaruhusiwa, akatupita kwa mbio. Wakati ule nilimsifu moyoni kwa kuwa na adabu.

Tulisimama kidogo kula muhogo na kunywa maji, motari wetu akaziba tairi. Saa mbili hivi zikapita. Tulipokaribia, bado hatujaona nyumba, nikasikia vilio.

Nikadhani mama mukubwa amekufa. Nikaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikakimbia, nikaipita migomba, na uani nikakuta mikeka imetandikwa yote, wanawake wamekaa chini wamefungua vilemba, wanaume wameketi upande wao kimya, moto umewashwa, mtu anapeta mchele. Na katikati, mikono kichwani, mama mukubwa. Hai. Analia kwa sauti ile niliyoifahamu, ile ambayo nimevuka Kabambare nzima nisiisikie.

“Mudogo wangu!” alikuwa akiita. “Mudogo wangu, umeniacha na nani?”

Alikuwa anamlilia mama yangu, aliyekuwa Kasongo kwenye mkeka wake.

Nikampigia magoti. “Mama, hakuna mtu alikufa! Mama ni mzima! Wallahi mama ni mzima!”

“Usinifiche, mwanangu,” akasema huku ananipapasa uso. “Mimi ni mutu muzima. Niambie tu. Alizikwa siku gani?”

Wanawake wakaanza kunituliza mimi. Walidhani nimechanganyikiwa kwa huzuni, mtoto wa marehemu asiyetaka kukubali. Mmoja akanipa maji. Nami kwa ujinga wangu nikafikiri: nimpe zawadi, ataona ni furaha. Nikafungua mzigo, nikatoa kile kikwembe cha buluu. Kimekunjwa vizuri, kizee, kina harufu ya mama.

Loo! Uani pakalipuka. Unampelekea mtu nguo ya zamani ya mdogo wake lini, kama si baada ya kugawa vitu vya marehemu? Mama mukubwa akakikumbatia, akaanguka nacho ubavuni, na sauti ikamkatika. Nikamwona midomo inatetemeka, na jicho moja linageuka. Nikawaza: nimemuua. Nimesafiri siku mbili kuja kumwona mzima, nami nimemuua kwa mkono wangu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Mume wangu ndiye aliyeokoa mambo, na simsifu mara nyingi. Aliinama sikioni mwa mama mukubwa akasema kwa sauti kubwa: “Mama, inuka, twende ku kilima ukamsikie mwenyewe.” Akarudia mara tatu. Mara ya tatu mzee akafumbua macho. Wakamnywesha maji, wakataka kumweka kwenye baiskeli wamsukume. Akakataa. Akashika fimbo akatangulia mbele yetu sote, kikwembe begani, na msiba mzima ukamfuata kupanda kile kilima, wanawake, wanaume, motari wetu, hata aliyekuwa anapeta mchele.

Juu kabisa, rezo ikaja vijiti viwili. Binti yangu akapokea. Nikamwambia, “Mpe bibi simu, upesi!” na papo hapo nikasikia nilivyolisema, kwa sauti ile ile ya wenye kuleta habari mbaya. Kabla sijasahihisha, simu ilikwisha fika kwa mama, na mama mukubwa ameninyang'anya ya kwangu.

“Nani alikufa?” mama alipiga kelele kutoka Kasongo, sote tukamsikia. “Ni yaya? Yaya yangu alikufa?” Yaya ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa.

“Yaya ni mimi!” mama mukubwa akajibu kwa kelele.

“Basi nani alikufa?”

“Ni wewe!”

“Mimi? Mimi niko hapa nakula muhogo!”

Kisha mzee mmoja nyuma yangu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na kicheko kikatembea kwa watu mpaka wanawake wakakaa chini. Mama mukubwa hakucheka. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, analia upya, anamuuliza mdogo wake habari za magoti, habari za meno, kama bado ana lile kovu la utotoni. Waliongea mpaka simu ikafa.

Ndipo akanigeukia. Alinitazama kutoka utosini mpaka kwenye viatu vya mpira. “Sasa nyinyi,” akasema, “mulikuja kufanya nini?”

“Tulikuja kukuona, mama. Na kasuku.”

“Kuniona.” Akarudia. “Niko hai, mulikuja kuniona.” Na hapo akakasirika kweli! Akanitukana njia nzima ya kushuka: mtu gani anaandikisha matanga bila maiti, mwalimu gani, tulikulea hivyo? Nilitukanwa mbele ya watu nusu ya kijiji nami naitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechoka hata kujitetea.

Zile siku sita za kupumzika zilikwendaje? Mbili za kwanza watu waliokwisha sikia msiba waliendelea kufika kutoka mbali, na kuni na kuku na vikapu vya muhogo. Aliyeleta chakula cha kilio haendi nacho nyumbani, ikabidi kipikwe, kiliwe. Mwalimu wa Kurani akasoma dua ya shukrani badala ya ile aliyokuja kuisoma. Nilipika wali mwingi kuliko niliowahi kupika kwenye msiba wowote wa kweli. Siku ya tatu na ya nne mama mukubwa alinizungusha nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa machozi yaliyotumika bure, na kila nyumba ilitaka tukae, tunywe, tusimulie tangu mwanzo. Siku ya tano nililala na homa. Pale kwenye karatasi yangu, palipoandikwa kupumzika, wino mwekundu ulikuwa umeloa mafuta ya mawese.

Siku ya sita, alfajiri, fimbo ikagonga mlango. “Amka. Twende kwa ndege zako.”

Tulikwenda wawili tu. Mume wangu alikataa kuamka. Njia ilikuwa ya umande na baridi ya kiangazi. Kijito kilikuwa kimepungua. Nikamuuliza kama kasuku bado wapo. Akasema hajui, tangu watega ndege waanze kuja, na wachimba dhahabu na kelele zao, yeye hafiki tena pale, amekosa sababu. Tukafika, akanionyesha gogo, tukaketi. Ule udongo mweupe ulikuwa palepale.

“Sasa tunafanya nini?” akauliza.

“Tunatazama.”

“Tunatazama nini? Hawajafika.”

“Tunangoja, tunatazama.”

Akafikiri kidogo. “Na kazi gani nyingine?”

“Hakuna nyingine, mama. Nimekuja kupumzika. Ndiyo vakansi.”

Akaguna. Akaitandika kanga yake juu ya gogo, akanivuta kichwa mpaka kikakaa pajani mwake, kama mtoto, mimi mwanamke mwenye wajukuu. Nikasema nitafumba macho dakika moja.

Nilipofumbua, jua lilikuwa limepanda juu ya miti na mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Mahali peupe palikuwa patupu. Kwenye udongo kulikuwa na nyayo nyingi ndogo, na unyoya mmoja mwekundu.

“Walikuja?”

“Walikuja. Si kama zamani, lakini wengi. Walifanya fujo! Yule mumoja alikaa karibu, hapa.” Akanionyesha kwa fimbo, kama hatua nne.

Nikataka kulia. “Mama! Siku mbili za vumbi! Kwa nini hukuniamsha?”

“Ulisema umekuja kupumzika,” akasema.

Tukarudi Kasongo kama tulivyokwenda, nikiutazama mgongo wa motari. Mama alinidai habari zote za dada yake, mara mia, mpaka nikawa namkimbia. Shule ikafunguliwa, watoto wakaongezeka, chaki ikawa ile ile. Ukiniuliza kama nilipumzika, nitakwambia nililala vizuri mara moja, pale kwenye gogo. Na kila nilipowaza safari ile nilirudi kwenye meza ya yule karani, na lile neno nililomwachia aliandike. Mara moja maishani nilikuwa na sababu nzuri ya kusafiri, nikaona aibu kuiandikisha.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Ilikuwa alasiri, nasahihisha madaftari barazani, mama yuko kwenye mkeka anachagua maharage. Pikipiki ikasimama mbele ya nyumba yetu, matope mpaka kwenye usukani. Nyuma yake, amefungwa kwa kamba kiunoni asianguke, kuku kwapani, alikuwa mama mukubwa. Alikuwa amejitanda kile kikwembe cha buluu.

Mama akamwona. Mikono ikapanda kichwani, kinywa kikafunguka.

“Nyamaza!” mama mukubwa akamkemea kutoka juu ya pikipiki, bado hajafunguliwa kamba. “Hakuna mutu alikufa. Niko konje, ni vakansi yangu.”

Motari akamshusha. Akatembea polepole, miguu haimtii, mpaka kwenye mkeka, akajishusha kwa shida kando ya mdogo wake. Wakashikana. Sikwenda karibu. Baada ya muda mrefu akaniita, akatoa ndani ya nguo karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa pembeni. Yeye hajui kusoma.

“Soma hapa,” akasema, “nijue kama karani wa kwetu aliandika vile nilimwambia. Alitaka kuandika matanga. Nikakaa mulangoni kwake mpaka akaandika yangu. Halafu kila baryeri walinisimamisha, wanacheka, wanafungua kikapu. Niliwaambia fungueni tu.”

Nikaifungua. Muhuri ulikuwa umechujuka kwa mvua, lakini mstari wa sababu ya safari ulisomeka wote. Nikausoma kwa sauti: anakwenda kumwona mdogo wake, ambaye ni mzima.